Shule ya Umma, ya Chata au ya Kulipia: Mwongozo Kamili kwa Wazazi Wanaozungumza Kiswahili Nchini Marekani

Kila mwaka, wiki chache kabla ya shule kufunguliwa mwezi Agosti, wazazi wengi wa jamii zetu nchini Marekani huanza kuulizana ni shule ipi nzuri. Kufikia wakati huo majibu mengi hayawafai tena, kwa sababu nafasi za shule za chata (charter schools kwa Kiingereza) zimekwisha kugawanywa kwa kura, misaada ya ada katika shule za kulipia imekwisha kutolewa, na katika wilaya nyingi za shule muda wa kuomba shule nyingine ya umma ulimalizika majira ya baridi. Mzazi hubaki na shule aliyopangiwa kwa anwani yake. Huenda ni shule nzuri kabisa, lakini hakuichagua, na hajui aidai huduma gani.

Tatizo la pili ni kipimo tulichokuja nacho. Aliyesomesha mtoto Goma, Bujumbura, Kigoma au Nairobi amezoea kuona kwamba mwenye uwezo hulipa, na kwamba shule ya kulipia karibu daima huishinda ya serikali. Hapa kipimo hicho humpoteza mtu. Shule za umma hutofautiana sana kutoka mtaa hadi mtaa, na zipo shule za kulipia zisizo na hata mwalimu mmoja aliyesomea kumfundisha Kiingereza mtoto mgeni. Kwa hiyo mwongozo huu hauulizi ni aina gani ya shule iliyo bora. Unauliza ni shule ipi, yenye jina na anwani, inayoweza kumhudumia mtoto wako mwaka huu, na ambayo familia yako inaweza kuifikia na kuimudu hadi mwisho wa mwaka.

## Aina tatu za shule kwa ufupi

Shule ya umma ya wilaya huendeshwa kwa kodi, haitozi ada, na ni lazima impokee kila mtoto anayeishi katika eneo lake.

Shule ya chata nayo ni shule ya umma. Haitozi ada wala haifundishi dini. Tofauti yake ni kwamba huendeshwa na bodi yake yenyewe chini ya mkataba na mamlaka iliyoiidhinisha. Mkataba huo una muda maalumu, mara nyingi miaka 3 hadi 5, na shule isiyofanya vizuri inaweza kunyimwa mkataba mpya na kufungwa. Waombaji wakizidi nafasi, hupigwa kura. Katika jimbo la Ohio shule hizi huitwa rasmi shule za jamii, kwa hiyo usishangae ukikosa neno chata kwenye orodha ya Columbus au Dayton. Nebraska na South Dakota hazina shule za namna hii kabisa.

Shule ya binafsi, ambayo wengi wetu tunaiita ya kulipia, hutoza ada, huchagua wanafunzi wake, na inaweza kuwa ya Kikatoliki, ya Kiislamu, ya dhehebu jingine, au isiyo ya dini.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Weka vitu hivi katika bahasha moja, kisha vipige picha na kuzihifadhi kwenye simu.

- Uthibitisho wa umri wa mtoto: cheti cha kuzaliwa, pasipoti, au, kwa waliokuja kama wakimbizi, fomu ya I-94 ya kuingia nchini.
- Rekodi ya chanjo, pamoja na hati za afya mlizopewa na IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, kabla ya safari.
- Uthibitisho wa makazi: mkataba wa nyumba, au bili ya umeme au maji yenye jina lako.
- Ripoti za shule alizosoma zamani, hata kama ni za kambini na hata kama zimeandikwa kwa Kifaransa. Usitoe nakala yako ya pekee.
- Kama mtoto ana ulemavu au ugonjwa wa kudumu, barua ya daktari na mpango wowote wa elimu maalumu aliowahi kuandikiwa.
- Anwani ya barua pepe ambayo wewe mwenyewe unaifungua. Matokeo ya kura hutumwa huko, na wapo waliopoteza nafasi kwa sababu barua pepe iliyoandikwa kwenye fomu ilikuwa ya mfanyakazi wa shirika lililowapokea, ambaye alikwisha kuacha kazi.

Huhitaji namba ya Social Security ili kumwandikisha mtoto shule ya umma au ya chata. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Plyler v. Doe, kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Fomu ikiwa na nafasi ya namba hiyo, iache wazi.

Kama mmehifadhiwa kwa ndugu kwa sababu mmekosa nyumba yenu, sheria ya McKinney-Vento inawahesabu kuwa familia isiyo na makazi, na mtoto anatakiwa kupokelewa mara moja hata kama hati hazijakamilika. Kila wilaya ina afisa anayeshughulikia jambo hili. Iombe ofisi ya wilaya ikuunganishe naye.

## Hatua ya 1: Andika mahitaji ya mtoto kabla ya kutaja jina la shule yoyote

Chukua karatasi moja kwa kila mtoto. Andika umri wake, darasa alilofikia, jinsi anavyosoma na kuandika katika lugha anayoijua vizuri zaidi, uwezo wake katika hesabu, hali ya Kiingereza chake, afya yake, na jambo linalomfanya apende shule. Kisha chagua mambo mawili au matatu ambayo bila hayo shule haimfai, na uyapigie mstari.

Sababu ni kwamba ndugu wawili wa nyumba moja wanaweza kuhitaji shule tofauti kabisa. Mtoto wa miaka 6 aliyezaliwa hapa na anayezungumza Kiingereza kuliko Kiswahili hana shida ya lugha. Huenda anahitaji mwalimu wa kusoma aliye makini na basi linalopita karibu. Kaka yake wa miaka 16, aliyekatiza masomo katika kambi ya Nyarugusu au Kakuma, anahitaji kitu kingine.

Kwa kijana wa namna hiyo naomba mzazi atulie hapa kidogo. Sekondari ya Marekani haimalizwi kwa kukaa miaka minne. Humalizwa kwa kukusanya alama za masomo (credits) zinazotakiwa na jimbo. Kijana wa miaka 17 anayewekwa darasa la 9 bila alama hata moja anaweza kukata tamaa na kuacha shule, si kwa uvivu, bali kwa sababu hakuna aliyemwonyesha njia ya kufika mwisho. Majimbo mengi humruhusu mwanafunzi kubaki shuleni hadi miaka 20 au 21, lakini umri huo hutofautiana, kwa hiyo uulizie jimbo lako. Baadhi ya wilaya za umma zina shule au programu za wanafunzi wageni, kama vile Columbus Global Academy ya Columbus, Ohio, ambako mwanafunzi hujifunza Kiingereza na masomo mengine kwa pamoja. Kwa kijana mkubwa asiyejua Kiingereza, ningeangalia programu ya namna hii kabla ya chata au shule ya kulipia yoyote, hata yenye majengo ya kupendeza.

Umemaliza hatua hii vizuri ikiwa mtu asiyemjua mtoto wako anaweza kusoma karatasi hiyo na kueleza shule imfanyie nini.

## Hatua ya 2: Ijue shule ya anwani yako na chaguo nyingine za wilaya

Ingia kwenye tovuti ya wilaya yako, andika anwani, na utaonyeshwa shule ya msingi, ya kati na ya sekondari mliyopangiwa. Kama mtandao unakutatiza, piga simu ofisi ya uandikishaji na uombe mkalimani wa Kiswahili.

Anza na shule hii kwa sababu ndiyo pekee isiyoweza kumkataa mtoto wako. Chata inaweza kujaa, na shule ya kulipia inaweza kusema hapana bila kueleza. Baada ya hapo uliza kama wilaya ina shule za umma zenye mwelekeo maalumu, kama za sayansi, sanaa au lugha mbili, na kama jimbo linaruhusu kuomba shule ya wilaya jirani. Minnesota, kwa mfano, inaruhusu, na tarehe ya mwisho ya kuomba mapema ni 15 Januari.

Ikiwa mnapanga kuhama nyumba, angalia shule ya anwani mpya kabla ya kusaini mkataba wa kupanga. Familia nyingi huhamia nyumba ambayo kodi yake imepungua kidogo, kisha hugundua kuwa mstari wa wilaya hupita katikati ya barabara na mtoto atabadili shule.

Usitumie anwani ya ndugu ambaye hamwishi naye. Wilaya huchunguza, mtoto huondolewa katikati ya mwaka, na kuna wazazi waliodaiwa fedha na hata kushtakiwa mahakamani.

## Hatua ya 3: Panga kalenda kuanzia Oktoba

Hesabu mwaka mmoja nyuma. Kwa masomo yanayoanza Agosti, Oktoba hadi Desemba ni wakati wa kutembelea shule, Januari hadi Aprili ni wakati wa kuomba, na majira ya kiangazi ni wakati wa kufuatilia orodha za kusubiri. Tarehe halisi hutofautiana kati ya miji: katika jiji la New York maombi ya shule nyingi za chata hufungwa 1 Aprili, ilhali Washington na Denver zina mfumo mmoja wa kuombea shule za wilaya na za chata pamoja.

Umefika Marekani mwezi Julai? Mwandikishe mtoto katika shule ya anwani yako mara moja, kisha anza kalenda hii kwa ajili ya mwaka unaofuata. Kumweka mtoto nyumbani akisubiri shule nzuri zaidi humpotezea masomo, na sheria za mahudhurio ya lazima zinaweza kumgeukia mzazi.

## Hatua ya 4: Soma takwimu za shule kwa jicho la mtoto wako

Sheria ya elimu ya shirikisho ya mwaka 2015 inazitaka shule zote za umma, chata zikiwemo, ziwe na ripoti ya kila mwaka iliyo wazi kwa kila mtu. Wanafunzi hupimwa kusoma na hesabu kila mwaka kuanzia darasa la 3 hadi la 8, na mara moja katika sekondari. Ripoti hiyo ipo kwenye tovuti ya idara ya elimu ya jimbo.

Usikimbilie wastani wa jumla. Wastani kwa sehemu kubwa huonyesha kipato cha familia za mtaa ule. Tafuta mstari wa wanafunzi wanaojifunza Kiingereza na uone wangapi wanapiga hatua kila mwaka. Tafuta mstari wa maendeleo, unaoonyesha mtoto amesogea kiasi gani kutoka pale alipoanzia. Kwa sekondari, angalia wangapi humaliza, na kwa shule yoyote, angalia utoro wa mara kwa mara. Shule yenye wastani wa chini ambayo watoto wageni husonga mbele haraka inaweza kumfaa mwanao kuliko shule ya sifa kubwa isiyowahi kumpokea mtoto wa namna yake.

Je, chata hufundisha vizuri kuliko shule za wilaya? Utafiti mkubwa wa kituo cha CREDO cha Chuo Kikuu cha Stanford uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kwa wastani wanafunzi wa chata walikuwa mbele kidogo katika kusoma na hesabu, lakini tofauti kati ya chata moja na nyingine ilikuwa kubwa. Chata zinazofundisha kwa intaneti pekee zilikuwa nyuma sana. Ushauri wangu kuhusu hizo za intaneti ni mfupi: kama wazazi wote wawili wanafanya kazi nje na mtoto bado anajifunza Kiingereza, ziache.

Shule za kulipia kwa kawaida hazilazimiki kutoa ripoti kama hii. Waombe wakuonyeshe matokeo ya mitihani wanayotumia, na sekondari wanazokwenda wanafunzi wao. Wakikwepa swali, umejibiwa.

## Hatua ya 5: Itembelee shule ukiwa na maswali yaliyoandikwa

Hapa ndipo uamuzi mwingi hufanyika, kwa hiyo usikubali kuonyeshwa ukumbi na uwanja wa michezo tu. Omba kuingia darasani wakati masomo yanaendelea. Angalia kama mtoto mgeni ameketi pamoja na wenzake au amewekwa pembeni na kompyuta yake. Sikiliza jinsi karani wa ofisi anavyozungumza na mzazi ambaye Kiingereza chake ni kigumu.

Maswali ya lugha. Mtoto anayejifunza Kiingereza hupata somo la Kiingereza mara ngapi kwa wiki, na kwa muda gani? Anayelifundisha amesomea kazi hiyo na ana leseni, au ni msaidizi? Mtoto hutolewa darasani wakati wa somo gani? Kama hutolewa wakati wa hesabu kila siku, atapata Kiingereza na kupoteza hesabu. Wajibu huu si hisani ya mwalimu mkuu. Unatokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 na hukumu ya Lau v. Nichols ya mwaka 1974, na unazibana shule za wilaya na za chata sawasawa.

Maswali ya mawasiliano. Uliza ni nani atakayekutafsiria mkutanoni. Mtoto wako asiwe mkalimani wako, kwani huwezi kujua ni mangapi ameyaruka, na ni mzigo asiostahili kuubeba. Taja lugha unayoielewa kikamilifu. Wapo wazazi kutoka Kongo waliowekewa mkalimani wa Kifaransa kwa sababu tu ya nchi waliyotoka, wakaitikia kwa kichwa kikao kizima bila kuelewa.

Maswali ya chata. Mkataba wa shule unaisha lini, na umewahi kurefushwa? Walimu wangapi waliondoka mwaka jana? Kuna basi? Hili la mwisho limezivunja familia nyingi, kwa sababu usafiri hutegemea jimbo: Ohio inazitaka wilaya kuwasafirisha wanafunzi wengi wa chata na hata wa shule za kulipia, lakini yapo majimbo ambayo chata hailazimiki kutoa basi kabisa. Uliza pia kuhusu nidhamu. Baadhi ya chata zina kanuni kali za sare, ukimya na kuchelewa, na mtoto husimamishwa kwa makosa ambayo kwingine angeonywa tu. Wapo wazazi wanaopenda ukali huo, lakini ni vizuri uusome kwenye kitabu cha kanuni kabla haujamfika mwanao.

Maswali ya shule ya kulipia. Shule imeidhinishwa na chombo gani cha ukaguzi? Mna mwalimu wa wanafunzi wanaojifunza Kiingereza? Mtoto akionekana ana tatizo la kujifunza, mtafanya nini? Mtoto wa dini nyingine hushiriki vipi katika ibada na masomo ya dini? Familia ya Kiislamu inayofikiria shule ya Kikatoliki, au kinyume chake, ipate jibu hili waziwazi.

Sasa onyo muhimu. Shule ya chata ikikuambia kwamba haina huduma kwa mtoto kama wako na kwamba afadhali umpeleke wilayani, fahamu kwamba haina ruhusa ya kumzuia mtoto kwa sababu ya ulemavu au lugha. Waombe waandike jibu hilo kwenye barua pepe. Mara nyingi msimamo hubadilika hapo hapo. Usipobadilika, una ushahidi wa kupeleka malalamiko kwa idara ya elimu ya jimbo.

Baada ya ziara, andika majibu siku hiyo hiyo. Kufikia mwisho wa Desemba unapaswa kuwa na shule tatu au nne ambazo umeziona kwa macho yako, na sababu ya kuikubali au kuikataa kila moja.

## Hatua ya 6: Hesabu gharama yote, pamoja na zile zisizotajwa

Shule ya umma na chata hazina ada, lakini zina gharama. Chata isiyo na basi inaweza kumfanya baba aache zamu ya asubuhi kiwandani. Sare, safari za masomo na malezi baada ya saa za shule nayo ni fedha. Kwa chakula, mtoto wa familia inayopata SNAP, yaani msaada wa serikali wa chakula, hustahili mlo wa bure katika shule zinazoshiriki mpango wa taifa wa chakula cha mchana. Uliza kama chata au shule ya kulipia unayoitaka inashiriki.

Kwa shule ya kulipia, uliza ada ya mwaka, ada ya usajili, vitabu, michango ya lazima, na saa za kujitolea ambazo mzazi asipozitimiza hutozwa fedha. Shule nyingi hutoa msaada wa ada kulingana na kipato, lakini fomu hiyo hujazwa majira ya baridi na huhitaji hati za kodi ya mapato.

Kisha kuna vocha na akaunti za elimu, ambapo jimbo hulipa sehemu ya ada. Arizona ilizifungua kwa wanafunzi wote mwaka 2022. Florida na Ohio zilipanua mipango yao mwaka 2023, Iowa ikaanzisha wake mwaka huo huo, na Texas ilipitisha sheria yake mwaka 2025 kwa masomo yanayoanza 2026. Kwingine hakuna: wapiga kura wa Kentucky, jimbo lenye Wakongo wengi mjini Louisville, walikataa Novemba 2024 pendekezo ambalo lingefungua njia ya fedha za umma kwenda nje ya shule za umma.

Vocha isikufanye usahau hesabu. Tuseme ada ni dola 9,000 na vocha hulipa 7,000. Zinabaki 2,000. Ongeza sare na vitabu dola 400, na mafuta ya gari dola 1,200 kwa mwaka. Hapo unahitaji dola 3,600 kwa mtoto mmoja, sawa na 300 kila mwezi, na shule nyingi hudai ada ya mwaka mzima hata mtoto akiondoka Novemba. Soma kifungu hicho cha mkataba ukiwa na mtu anayeelewa Kiingereza cha mikataba.

Kwa mzazi wa mtoto mwenye ulemavu, soma aya hii mara mbili. Katika shule ya umma au ya chata, mtoto ana haki ya kisheria ya kupimwa na kuandikiwa mpango wake wa elimu, unaojulikana kwa herufi IEP, na shule hulazimika kuutekeleza bila malipo. Ukimpeleka kwa hiari yako shule ya kulipia, haki hiyo haimfuati kwa ukamilifu wake. Huko Arizona, mkataba wa akaunti ya elimu unamtaka mzazi aiondolee wilaya wajibu wa kumsomesha mtoto. Anaweza kurudi baadaye, lakini kwa kipindi cha mkataba ameiacha haki hiyo. Usisaini kabla ya kuelezwa hili kwa lugha unayoielewa.

## Hatua ya 7: Omba shule zaidi ya moja, na utunze kila uthibitisho

Kuomba chata ni bure. Mtu akikutoza fedha akuombee nafasi ya kura, ni tapeli. Omba shule kadhaa kwa wakati mmoja. Chata ya kawaida haifanyi mtihani wa kuchagua watoto kabla ya kura, na huna sababu ya kueleza ulemavu wa mtoto wakati huo. Utaeleza baada ya kupata nafasi, ili huduma ziandaliwe. Chata nyingi huwapa kipaumbele ndugu wa wanafunzi waliopo, kwa hiyo taja watoto wote, na uandike majina yao kama yalivyo kwenye hati.

Matokeo yakitoka, muda wa kukubali huwa mfupi, wakati mwingine siku chache tu. Fungua barua pepe kila siku katika wiki hizo. Ukipata namba ya kusubiri, piga simu mwezi Juni na tena mwanzoni mwa Agosti, kwa sababu familia huhama na orodha husogea. Wakati wote huo, nafasi ya shule ya wilaya isiachwe hadi shule nyingine imethibitisha kwa maandishi.

## Hatua ya 8: Jaza fomu ya lugha kwa ukweli

Siku ya kuandikisha shule ya umma au chata utapewa dodoso la lugha ya nyumbani. Wazazi wengi huandika Kiingereza wakihofia kwamba mtoto atashushwa darasa au atadharauliwa. Usifanye hivyo. Jibu hilo ndilo linaloamua kama mtoto atapimwa Kiingereza na kupewa msaada. Ukiandika Kiingereza, mfumo utamhesabu kuwa mwanafunzi wa kawaida anayefeli.

Andika Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kibembe, au lugha yoyote inayozungumzwa nyumbani. Akipangiwa programu ya Kiingereza, shule inatakiwa kukuarifu ndani ya siku 30 tangu mwaka wa shule uanze, au ndani ya wiki 2 kama alijiunga baadaye. Una haki ya kukataa programu hiyo, ingawa kwa mtoto aliyefika karibuni sioni faida ya kuikataa.

## Hatua ya 9: Ipime shule katika wiki sita za kwanza

Dalili nzuri ni hizi: mtoto anamtaja angalau mwalimu mmoja kwa jina, ratiba yake ina somo la Kiingereza lenye muda na mwalimu anayejulikana, daftari lina kazi zilizosahihishwa, na shule imewahi kukutafuta kwa jambo lisilo kosa. Kuwa kimya darasani peke yake si hatari. Watoto wengi wanaojifunza lugha hukaa kimya kwa miezi kadhaa huku wakielewa zaidi kila wiki.

Dalili mbaya ni ratiba isiyo na somo la lugha, kusimamishwa mara kwa mara, au simu za kukuomba umchukue mtoto mapema bila barua yoyote. Hapo omba kikao kwa maandishi, pamoja na mkalimani. Ukihisi kuna tatizo la kujifunza lisilotokana na lugha, andika barua fupi yenye tarehe: "Naomba mtoto wangu apimwe kwa ajili ya elimu maalumu." Kauli ya mdomo mlangoni mara nyingi haianzishi kitu. Ukishasaini ridhaa, sheria ya shirikisho inaipa shule ya umma au chata siku 60 kukamilisha vipimo, isipokuwa jimbo limeweka muda wake.

Ikiwa mambo hayatengenezeki, mtoto anaweza kurudi shule ya wilaya wakati wowote wa mwaka. Kabla ya kumtoa, chukua nakala ya alama zake, rekodi ya chanjo, matokeo ya mtihani wa Kiingereza na mpango wa IEP kama upo, na umwandikishe shule mpya kwanza, ili asihesabiwe mtoro katika siku za katikati.